Mashine Inayojikagua Saa Nane Usiku

Wasee, swali rahisi: nani alikwambia hewa ya dunia imebadilika? Usinijibu "wanasayansi" halafu uishie hapo. Walijuaje? Na kwa nini tuwaamini?

Chuo niliacha, kusoma sikuacha, na hapa Kiuu nimekaa na hii historia siku kadhaa. Nimeipenda kwa sababu shujaa wake ni tabia: tabia ya kushuku mashine yako mwenyewe.

Mwaka 1859 huko London, John Tyndall alionyesha kwamba gesi kama kaboni dayoksidi hunyonya miale ya joto isiyoonekana kwa macho. Mashine nyingi za kupima gesi zimejengwa juu ya hilo. Unapitisha miale kwenye bomba lenye hewa, unaangalia imepungua kiasi gani. Shida ni kwamba mashine huchoka. Taa yake inafifia, chumba kinapata joto, na namba inaanza kuhama polepole bila kelele.

Machi 1958, Charles David Keeling alianza kupima mlimani Mauna Loa, Hawaii. Alipata karibu sehemu 313 za kaboni dayoksidi katika kila sehemu milioni ya hewa. Wakati huo gesi hiyo iliongezeka kwa chini ya sehemu moja kwa mwaka. Mashine ikihama kidogo tu, unatangazia dunia ongezeko ambalo halipo. Ndiyo maana mashine yake ilipima kwa zamu: hewa ya nje, kisha gesi ya silinda ambayo kiwango chake kilijulikana, tena na tena, kwa ratiba. Leo kipimo kimepita 420, na ubishi wa "labda mashine imeharibika" hauna miguu.

Fikiria mizani ya buchari. Inakaguliwa kwa jiwe ambalo uzito wake unajulikana, si kwa maneno ya muuzaji.

Siku hizi kompyuta inafanya kazi hiyo yenyewe. Saa nane usiku, mmelala, valvu inafunga hewa ya nje na kufungua silinda isiyo na gesi inayopimwa. Mashine lazima isome sufuri. Inafuata silinda ya kiwango kinachojulikana. Kama namba imehama, inarudishwa mahali pake. Hiyo ni kalibresheni. Halafu inakuja silinda nyingine, ambayo haikutumika kurekebisha. Hapo hakuna kugusa kitu, ni mtihani tu. Huo ni uthibitishaji. Ukifanyia mtu mtihani kwa maswali yale yale uliyomfundishia, umepima nini?

Sasa turudi nyumbani. Tangu 1999, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ina kituo kwenye Mlima Kenya, mita 3,678 juu, chini ya mpango wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Kimepima ozoni na kaboni monoksidi, na wataalamu wa maabara ya Empa kutoka Uswisi wamepanda mara kadhaa kukikagua. Vituo vya aina hiyo karibu na ikweta Afrika ni vya kuhesabu kwa vidole. Adui wake mkubwa hata ni wa mtaani kwetu: stima kupotea. Ikipotea, vipimo vinakatika, na hewa iliyopita leo huwezi kuirudisha kesho uipime.

Septemba 2023 viongozi wa Afrika walikutana Nairobi kujadili tabianchi. Hotuba zilikuwa kibao. Lakini mimi naona hivi: asiye na vipimo vyake vilivyokaguliwa atajadili hewa yake kwa namba za wengine. Kabla ya mkutano mwingine, nunueni silinda, hakikisheni stima, na mlipeni fundi anayepanda ule mlima.