Rothschild, Illuminati na «familia zinazotawala dunia»: hadithi ilitoka wapi, na siri za kweli ziko wapi?

Vita ikikawia kuisha, bei ya unga ikipanda, ao ugonjwa ukiingia ndani ya muji, kuko jibu moja linalozunguka haraka kwa simu: «Ni wale Illuminati njo wanafanya yote. Kuko familia inaitwa Rothschild, njo yenye mabanki yote ya dunia.» Sauti zinatumwa kwa WhatsApp, video zinapita toka simu moja mpaka ingine, na mwisho mtu anabaki na swali: sasa sisi tutafanya nini mbele ya watu wa namna hiyo?

Ndugu msomaji, katika ukurasa huu tunaeleza hadithi hiyo ilianza wapi, nani aliitunga, imewafanyia watu nini, na namna gani ya kuitofautisha na siri za kweli. Maana siri za kweli ziko, na inchi yetu inazijua kuliko wengi.

Illuminati walikuwa nani?

Kikundi chenye jina hilo kilikuwako kweli. Kilianzishwa tarehe 1 Mei 1776 huko Ingolstadt, muji wa Bavaria, inchi ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani. Mwanzilishi wake, Adam Weishaupt, alikuwa mwalimu wa sheria kwenye chuo kikuu. Yeye na wenzake walitaka kupunguza nguvu ya mapadri juu ya masomo na serikali, na walikutana kwa siri kwa sababu kusema vile wazi kulikuwa hatari.

Kikundi hakikudumu. Mwaka 1784 na 1785, mtawala wa Bavaria, Karl Theodor, alitoa amri za kupiga marufuku vyama vya siri. Polisi walikamata barua zao, kisha serikali ikazichapisha ili kila mtu azisome. Yaani kikundi kiliishi karibu miaka kumi tu.

Basi juu ya nini jina halikufa? Mwaka 1789 mapinduzi yalitokea Ufaransa, na baadaye mfalme akauawa. Watu wengi waliopoteza mali na vyeo hawakukubali kwamba njaa, madeni ya serikali na hasira ya raia vingeweza kuangusha ufalme. Mwaka 1797, padri mmoja Mfaransa aliyekimbilia London, Augustin Barruel, aliandika kwamba mapinduzi yalipangwa na vyama vya siri, Illuminati wakiwa ndani. Mwaka ule ule, mwalimu wa Scotland, John Robison, alitoa kitabu chenye wazo karibu sawa. Toka hapo, kila tukio kubwa likitokea, kuko mtu anayesema ni wao, hata kama kikundi kilikuwa kimekufa zamani.

Familia Rothschild: mambo yanayojulikana

Mayer Amschel Rothschild alizaliwa mwaka 1744 Frankfurt, katika barabara ambamo Wayahudi walilazimishwa kuishi, yenye milango iliyofungwa usiku. Alianza kwa kuuza makuta ya zamani, kisha akawa mtu wa banki. Watoto wake wanaume watano waligawanyika: Amschel alibaki Frankfurt, Salomon alienda Vienna, Nathan London, Carl Naples, na James Paris.

Nguvu yao ilitoka hapo. Ndugu watano katika miji mitano waliweza kupeleka feza na habari toka inchi moja mpaka ingine haraka kuliko wengine. Walikopesha serikali, na walitia feza katika njia za reli. Katika miaka ya 1800, walikuwa kweli kati ya matajiri wakubwa kabisa wa Ulaya.

Lakini angalia namna mambo yalivyoendelea. Nyumba ya Naples ilifungwa mwaka 1863, na ile ya Frankfurt mwaka 1901. Mwaka 1938 Wanazi waliingia Vienna, wakamfunga Louis de Rothschild na kunyang'anya banki yake. Huko Paris, serikali ya Rais François Mitterrand ilichukua banki ya familia na kuifanya ya taifa mwanzo wa miaka ya 1980. Familia yenye kutawala dunia isingekubali kunyang'anywa hivyo.

Leo wajukuu wangali matajiri, wengine wako katika kazi ya banki, wengine wanatengeneza mvinyo. Makampuni yao ni madogo sana ukiyalinganisha na mabanki kama JPMorgan Chase ya Marekani ao ICBC ya China.

Na mabanki makuu ya serikali? Banki Kuu ya Congo ni ya Serikali ya Congo. Banki Kuu ya Uingereza ilifanywa ya taifa mwaka 1946. Ile ya Marekani ilianzishwa kwa sheria ya bunge mwaka 1913, na wakubwa wake wanachaguliwa na rais, kisha Seneti inawakubali ao kuwakataa.

Uongo wa Waterloo

Hadithi moja inarudiwa sana. Inasema kwamba tarehe 18 Juni 1815, Nathan Rothschild aliona kwa macho yake Napoleon akishindwa vitani Waterloo, akavuka bahari wakati wa tufani, akafika London mbele ya wote, akawadanganya wafanyabiashara, na kwa siku moja akapata mamilioni.

Nathan hakuwa Waterloo. Alikuwa London. Tena, yeye alikuwa amekusanya zahabu kwa ajili ya jeshi la Uingereza akifikiri vita itaendelea wakati mrefu, kwa hiyo amani ya haraka ilimletea shida.

Hadithi yenyewe ilipata nguvu miaka 31 nyuma ya vita, wakati Nathan alikuwa amekwisha kufa. Mwaka 1846, mwandishi mmoja wa Ufaransa, Georges Dairnvaell, alitoa kijitabu akijiita «Satan». Wakati huo njia ya reli ya kaskazini, ya kampuni ya James de Rothschild, ilikuwa imefunguliwa, na treni moja ilikuwa imeanguka Fampoux na kuua abiria. Watu walikuwa na hasira ya haki: walitaka kujua kwa nini treni ilianguka. Lakini kijitabu kiligeuza hasira hiyo upande mwingine. Kilisema shida ni Myahudi.

Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1940, serikali ya Hitler ilichukua hadithi ile ile ya Waterloo na kuifanya filamu yenye jina la familia hiyo.

Kitabu kilichoibwa ndani ya kitabu kingine

Nguzo ya pili ni maandishi yanayoitwa «Protokali za Wazee wa Sayuni». Yalitoka mara ya kwanza katika gazeti la Urusi mwaka 1903, yakijifanya ni ripoti ya mukutano wa siri wa viongozi wa Wayahudi wanaopanga kutawala dunia.

Mwaka 1921, Philip Graves, mwandishi wa gazeti The Times la London, alionyesha kwamba sehemu kubwa ilinakiliwa toka kitabu cha Maurice Joly, wakili Mfaransa, kilichotoka mwaka 1864. Kitabu cha Joly kilimchambua Mfalme Napoleon wa Tatu, na hakikuwa na kitu juu ya Wayahudi. Mtu alichukua maneno, akabadilisha wanaosemwa, akaita kazi yake «siri iliyogunduliwa».

Uongo ulikuwa umekwisha kujulikana, lakini haukuacha kusomwa. Wanazi waliutumia mashuleni na katika magazeti. Kisha waliua Wayahudi karibu milioni sita. Waliouawa wengi walikuwa mafundi, wachuuzi, walimu, mama na watoto wasiokuwa na banki yoyote. Hapa Congo, mtu anayetuma video ya «familia zinazotawala dunia» labda hajui kama anabeba maneno yale yale.

Juu ya nini hadithi inaingia kwetu?

Si kwa sababu watu wetu ni wajinga. Ni kwa sababu mara nyingi walidanganywa kweli. Kwenye mukutano wa Berlin, mwaka 1884 na 1885, wakubwa wa Ulaya walizungumza juu ya Afrika bila Mkongomani hata mmoja mezani. Toka 1885 mpaka 1908, mfalme Leopold wa Pili alishika inchi nzima kama shamba lake, akisema mbele ya dunia kwamba anafanya kazi ya huruma.

Patrice Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961. Serikali ya Katanga ilitangaza kwamba wanakijiji ndio walimuua. Ilikuwa uongo. Mwaka 1975, tume ya Seneti ya Marekani ilionyesha kwamba CIA ilikuwa imepanga kumuwekea sumu. Mwaka 2001, tume ya bunge la Ubelgiji ilisema wakubwa fulani wa Ubelgiji walikuwa na lawama katika kifo chake. Na mwaka 2022, kampuni Glencore ilikiri mbele ya mahakama ya Marekani kwamba ilitoa rushwa katika inchi mbalimbali, Congo ikiwa ndani.

Sasa linganisha. Siri hizi za kweli zina majina, tarehe, barua, na watu walioulizwa maswali. Waliozifanya hawakuwa na nguvu zote: walikosea, waligombana, waliacha karatasi nyuma. Hadithi ya Illuminati haina hata kimoja cha hivyo. Ukikosa ushahidi, msimulizi anasema: «Unaona namna wanavyojua kuficha!» Hapo hakuna kitu kinachoweza kuonyesha kwamba amekosea, kwa hiyo hakuna pia kitu cha kuchunguza.

Hasara iko kwetu

Ebola ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini, tarehe 1 Agosti 2018, mashaka yalikuwa yamekwisha kujaa. Watu wa Beni walikuwa wamechinjwa miaka mingi bila ulinzi, na halafu wakaona magari mengi yakija kwa ajili ya ugonjwa. Mwezi wa Desemba, Beni na Butembo waliambiwa uchaguzi umeahirishwa. Swali «juu ya nini sasa?» lilikuwa la haki.

Lakini swali liligeuka kuwa hadithi. Uchunguzi uliofanywa Beni na Butembo mwezi wa Septemba 2018 ulionyesha kwamba mtu mmoja kati ya wanne hakuamini kwamba Ebola iko, na zaidi ya mmoja kati ya watatu alifikiri imetungwa ili kuvuruga eneo. Wenye kuamini hivyo hawakuwa tayari sana kukubali chanjo. Mwezi wa Februari 2019, vituo vya matunzo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Mpaka mwisho wa janga, mwezi wa Juni 2020, watu zaidi ya 2.200 walikuwa wamekufa.

Kuko hasara ndogo pia, za kila siku. Matapeli wanatuma ujumbe: «Jiunge na Illuminati, utapata utajiri», kisha wanaomba feza za kujiandikisha kwa njia ya simu. Na jirani akijenga etaji haraka, kartie inamuita Illuminati. Kama ameiba feza ya serikali, neno hilo linamuokoa, maana hakuna anayeuliza hesabu. Kama ametoka jasho, linamuharibia jina bure.

Maswali matano mbele ya kutuma sauti ao video

1. Nani anasema? Ana jina na kazi inayojulikana, ao ni «daktari mmoja wa Ulaya»?

2. Ni nini, lini, wapi? Jambo lisilo na tarehe wala mahali haliwezi kuchunguzwa.

3. Ni kitu gani kingeonyesha kwamba ni uongo? Kama jibu ni «hakuna», hiyo si habari.

4. Lawama inaangukia waliofanya jambo, ao ukoo, kabila ao dini nzima?

5. Nikiamini hivi, nitafanya nini kesho? Nitauliza mkubwa fulani hesabu ya kazi yake, ao nitakunja mikono?

Swali la tano linafaa kupimwa hapa hapa. Kizuizi kwenye barabara kina kamanda. Carré ya madini ina mwenye kibali. Mkataba wa kampuni una sahihi, na bajeti ya jimbo inapigiwa kura na wabunge tunaowajua. Anayekula feza ya barabara anafurahi sana kusikia kwamba lawama ni ya familia moja ya mbali huko London. Yeye ana ofisi hapa, na saa za kupokea watu ziko zimeandikwa ku mlango.