Shinyanga na visiki vyake



Nilipokuwa chuo nilidhani mtu anayesomea misitu huishia kuhesabu magogo na kukimbizana na wachoma mkaa. Historia ya Shinyanga imenitoa ushamba huo. Twende taratibu.

Miaka ya 1920 adui aliyeogopwa Shinyanga alikuwa mbung'o. Mbung'o huleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe, na Msukuma akifiwa na ng'ombe ni akiba ya ukoo imekwenda. Mdudu huyu anategemea kivuli cha miti na vichaka, pamoja na damu ya wanyama. Waingereza wakaifanya Shinyanga kituo cha utafiti chini ya C.F.M. Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika. Kabla ya hapo alikuwa akisimamia shamba huko Rhodesia Kusini.

Swynnerton alielewa kwamba huwezi kumjua mbung'o bila kuujua pori analoishi. Ndiyo maana alikuwa na mtaalamu wa mimea, B.D. Burtt, aliyezunguka nyanda kavu za kati akichunguza miti gani inaota pamoja, na kwenye udongo gani. Mmoja wa mimea ya vichaka vya Itigi unaitwa Burttia kwa heshima yake. Wote wawili walikufa kwenye ajali moja ya ndege mwaka 1938. Kazi kubwa ya Burtt kuhusu uoto wa Afrika Mashariki ilichapishwa 1942, mwenyewe akiwa kaburini.

Dawa ya mbung'o ikawa kufyeka. Wananchi walitoka kwa maelfu na mashoka. Pia walijaribu kuchoma pori mwishoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka kabisa ili moto uwe mkali. Lakini kulikuwa na kero moja: visiki. Unakata mti leo, mvua zikinyesha unachipua tena. Miti ya nchi kavu huweka akiba yake chini, kwenye mizizi.

Miaka ikapita. Mashamba ya pamba yakapanuka, watu na mifugo wakaongezeka, kuni zikakatwa. Kisha ikaja operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970, watu wakahamishwa mbali na ngitili zao. Kwa asiyejua, ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza na kulifungua kiangazi kikikaza. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa imebaki wazi, vumbi tupu.

Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni nguvu nyingi ziliwekwa kwenye vitalu na miche. Baadaye wataalamu wakageukia kile ambacho wazee walikuwa wakikifanya zamani: funga eneo, zuia ng'ombe na shoka, subiri. Visiki vilevile vilivyowatesa wapambanaji wa mbung'o vikachipua. Ulinzi ukawa wa sungusungu, na sheria zikatungwa kwenye dagashida, mkutano wa jadi. Ngitili zilizokuwa kama hekta 600 mwaka 1986 ziliripotiwa kuzidi hekta 300,000 mradi ulipofungwa mwaka 2004. Hapo nazungumzia mkoa wa zamani, kabla Simiyu haijamegwa 2012.

Sasa hoja yangu. Kizazi kimoja cha wataalamu kilikiona kisiki kama adui, kingine kikakiona kama mkombozi. Kisiki hakikubadilika, swali ndilo lililobadilika. Na jibu la kizazi cha pili lilikuwa tayari kwenye midomo ya wafugaji ambao hakuna mmea uliopewa majina yao.

Kwa hiyo mdogo wangu unayetaka kusomea misitu pale SUA, nenda. Kazi ipo, na si ya magogo tu. Kuna kuhesabu miche mingapi inavuka kiangazi, kisiki gani bado kina uhai, ng'ombe wangapi ngitili inaweza kubeba. Ila ukifika kijijini, kabla hujatoa futi kamba, mwamkie mzee shikamoo, kisha mwulize pale palikuwaje zamani.

Ngitili inafungwa kwa miaka, ila kuikata ni kazi ya wiki moja. Tusisubiri vumbi lirudi ndipo tuanze kuulizana.

Naomba kuwasilisha.