Waayalandi katika Miji ya Marekani: Njaa, Uadui na Kinyang'anyiro cha Riziki

Historia ya uhamiaji husimuliwa mara nyingi kama safari itokayo dhikini na kuishia kwenye neema. Masaibu ya Waayalandi katika miji ya mashariki ya Marekani, katika karne ya kumi na tisa, hayaingii kwa urahisi katika simulizi hiyo.

Waayalandi walikuwako Marekani kabla ya njaa kuu. Vibarua wao walishiriki kuchimba mfereji wa Erie, uliomalizika mwaka 1825. Lakini tangu mwaka 1845 maradhi ya ukungu yaliangamiza viazi mviringo, chakula kikuu cha maskini wa Ayalandi. Kufikia mwaka 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa, na zaidi ya milioni moja wameihama nchi. Walivuka bahari ya Atlantiki katika merikebu zilizosongamana, wakiandamwa na homa ienezwayo na chawa.

Wengi wao walikuwa watu wa mashamba. Hata hivyo, kwa kukosa nauli ya kwenda mbali zaidi na mtaji wa kununua ardhi, walibaki palepale walipotua. Mwaka 1850 zaidi ya robo ya wakazi wa New York walikuwa wazaliwa wa Ayalandi. Familia zilijazana katika vyumba vya chini ya ardhi huko Boston, na katika mtaa wa Five Points huko New York. Wanaume walibeba mizigo bandarini. Wanawake walitumika katika nyumba za wenye mali.

Uadui waliokutana nao ulikuwa na mizizi mitatu. Wa kwanza ni dini. Waprotestanti wengi waliamini kwamba Mkatoliki humtii Papa kuliko sheria za jamhuri. Mwezi Agosti 1834 umati ulichoma nyumba ya watawa wa Ursula huko Charlestown, karibu na Boston. Na mwaka 1844, huko Philadelphia, ugomvi juu ya Biblia ya kusomwa shuleni ulizaa ghasia ambamo makanisa mawili ya Kikatoliki yaliteketezwa. Mzizi wa pili ni riziki: mwenye njaa hukubali ujira mdogo, na kibarua mzawa alimwona mgeni kuwa mporaji. Wa tatu ni kura. Chama cha Wamarekani, ambacho wafuasi wake waliitwa "Wasiojua Kitu" kwa kuwa ndivyo walivyojibu walipoulizwa siri zao, kilidai mgeni angoje miaka 21, badala ya mitano, kabla ya kupewa uraia. Mwaka 1854 kilitwaa ugavana wa Massachusetts na karibu viti vyote vya bunge la jimbo hilo.

Je, aliyedhulumiwa humhurumia mdhulumiwa mwenzake? Mwaka 1842 ulisomwa mjini Boston waraka wenye sahihi 60,000 kutoka Ayalandi, ikiwemo ya Daniel O'Connell, ukiwasihi Waayalandi wa Marekani wasimame pamoja na wapinga utumwa. Askofu John Hughes wa New York aliukataa kama uingiliaji wa kigeni, na wengi hawakuufuata. Kisha, mwaka 1863, sheria ya kuandikisha askari ilimruhusu mwenye dola 300 kujikomboa. Mwezi Julai maskini wa New York, Waayalandi wakiwa wengi miongoni mwao, waliasi. Hasira iliyoanza dhidi ya sheria ya matajiri iliwaangukia Weusi, ambao baadhi ya waajiri walikuwa wamewatumia kuvunja migomo bandarini. Weusi walinyongwa barabarani, na makao ya yatima wao yalichomwa, watoto zaidi ya 200 wakinusurika. Haki inadai isemwe pia kwamba miongoni mwa polisi waliowakabili waasi walikuwamo Waayalandi.

Mateso peke yake, basi, hayamfundishi mtu huruma. Mahali ambapo maskini wawili huwekwa wagombee mkate mmoja, wa kwanza kuumizwa huweza kuwa wa kwanza kuumiza. Mwaka 1960 John F. Kennedy, kitukuu wa wahamiaji wa Kiayalandi, alichaguliwa kuwa rais. Weusi wa majimbo ya kusini walingoja hadi sheria ya mwaka 1965 ndipo haki yao ya kupiga kura ikapata ulinzi.