Kodi ya Kichwa, Kodi ya Ngazi: Haki Iko Wapi?

Neno «ushuru», tunalolisikia mara kwa mara hapa Mururu kwa kuwa ng'ambo ya mto Rusizi ni Kongo, limebeba historia ndani yake. Asili yake ni Kiarabu, nalo linahusiana na sehemu ya kumi. Aliyevuna magunia kumi alitoa moja. Aliyevuna mia alitoa kumi. Swali la leo, basi, limo katika lugha yenyewe: je, ni haki watu wote watoe sehemu ileile ya mapato yao, au mwenye kingi atoe sehemu kubwa zaidi?

Kabla ya kujibu, tutenganishe mambo matatu yanayochanganywa mara nyingi. Kodi ya kichwa humtoza kila mtu kiasi kilekile cha fedha. Kodi ya kiwango kimoja humtoza kila mtu asilimia ileile. Kodi ya ngazi hupandisha asilimia kadiri mapato yanavyopanda.

Babu zetu waliijua ile ya kwanza. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba katika Afrika ya Mashariki yao mwaka 1898, na huko Tanganyika kodi hiyo ilikuwa miongoni mwa manung'uniko yaliyochochea Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Nchini Rwanda walileta kodi ya kichwa mwaka 1914. Wabelgiji, walioichukua nchi mwaka 1916, waliiendeleza. Mwanamume mzima mwenye nguvu alidaiwa fedha taslimu, awe na shamba kubwa au kijishamba cha mteremkoni. Aliyekuwa na ng'ombe wa kuuza alilipa bila kuhangaika. Asiye na kitu alilazimika kuuza nguvu zake, na wengi walikwenda hadi Uganda kufanya kazi katika mashamba ya watu ili wapate fedha hizo. Kahawa iliyohimizwa kwa amri katika miaka ya 1930 nayo ilikuwa na lengo hilo miongoni mwa mengine: mkulima apate fedha, kisha alipe kodi.

Zingatia jambo hili: kiasi kilikuwa sawa, lakini mzigo haukuwa sawa. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyepanga kodi ile aliuona mwepesi kwa kuwa hakuubeba yeye.

Tuje sasa kwenye kodi ya kiwango kimoja. Watetezi wake wana hoja zinazostahili kusikilizwa. Ni rahisi kuikokotoa, haimpi tajiri sababu kubwa ya kuficha mapato, na inawatendea raia wote kwa kanuni moja. Urusi iliweka kiwango kimoja cha asilimia 13 mwaka 2001, ikakaa nacho miaka ishirini. Mwaka 2021 ikaongeza ngazi ya asilimia 15 kwa wenye mapato makubwa. Hata zaka ya Waislamu hutumia asilimia 2.5 kwa fedha ya kila mtu. Lakini tazama vizuri: zaka ina nisabu, yaani kiasi ambacho aliye chini yake hatozwi kabisa. Kanuni hiyo ya kale inakiri kwamba fedha ya kujikimu si sawa na fedha ya ziada.

Wazo hilo ndilo msingi wa kodi ya ngazi. Katika Rwanda ya leo, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2022, mshahara wa mwezi hadi faranga 60,000 hautozwi. Sehemu ya kati ya 60,000 na 100,000 hutozwa asilimia 10. Ya kati ya 100,000 na 200,000, asilimia 20. Inayozidi 200,000, asilimia 30. Mwenye mshahara wa 100,000 hulipa 4,000. Mwenye 500,000 hulipa 114,000, karibu asilimia 23 ya mshahara wake. Kama sote tungetozwa asilimia 20, wa kwanza angelipa 20,000 na wa pili 100,000. Mnyonge angeongezewa mzigo mara tano, na mwenye nafasi angepunguziwa.

Wapo wanaosema kwamba ukipandishwa mshahara kodi itaimeza nyongeza yote. Si kweli. Anayetoka 200,000 hadi 210,000 hutozwa asilimia 30 ya zile 10,000 tu. Hulipa 3,000 zaidi na kubaki na 7,000.

Hata hivyo, ngazi hii humhusu mwenye mshahara. Kwa biashara ndogo, sheria iliweka kiasi maalumu: mwenye mauzo ya faranga 2,000,000 hadi 4,000,000 kwa mwaka hulipa 60,000. Kwa wa chini hiyo ni asilimia 3 ya mauzo; kwa wa juu ni asilimia 1.5. Utaratibu huu humwondolea mchuuzi kazi ya kuandika hesabu ndefu, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini ndani ya kundi lile, aliye na kidogo ndiye anayetoa sehemu kubwa zaidi. Urahisi umenunuliwa, na bei yake imelipwa na mdogo.

Kwa maoni yangu, kodi ya ngazi ndiyo iliyo karibu zaidi na haki, kwa kuwa hupima kinachobaki mkononi mwa mlipaji, si kinachotoka tu. Lakini haki haikamiliki kwa viwango pekee. Raia asiyejua kukokotoa kodi yake hawezi kuitetea wala kuihoji. Babu zetu hawakuulizwa; sisi tunao wabunge wanaozipitisha sheria hizi. Hesabu ni chombo cha uraia kama ilivyo lugha.

Maswali ya kutafakari
1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya «kiasi sawa» na «mzigo sawa».
2. Kokotoa kodi ya mshahara wa faranga 150,000.
3. Ungekuwa mbunge, ungeibadilishaje kodi ya mchuuzi bila kumwongezea usumbufu?