Mwanafunzi Aliyeomba Daftari Lake



Katika kila parokia mna kitabu cha ubatizo. Sisi tuliokaa miaka mingi katika kazi ya katekesi tumewaona wengi kati yenu, wakati wa kujiandaa kwa ndoa, wakija kuomba cheti. Mnataja majina ya wazazi na mwaka, kitabu kinafunguliwa, nanyi mnasomewa yaliyoandikwa juu yenu. Hakuna anayewauliza kwa nini mnataka kuyajua. Kitabu ni cha parokia, lakini habari zilizomo ni zenu. Tunaanza na jambo hili dogo kwa sababu historia tutakayoisimulia ilianza na ombi la namna hiyohiyo, ila mwenye kitabu alikuwa kampuni ya Facebook.

Mwombaji aliitwa Max Schrems, kijana wa Austria aliyekuwa akisomea sheria mjini Vienna. Alikwenda kusoma kwa muhula mmoja katika Chuo Kikuu cha Santa Clara, California, karibu na makao ya kampuni zile kubwa za intaneti. Huko, mwanasheria wa Facebook alikuja kuzungumza na darasa lao. Schrems akashangaa kuona jinsi mtu yule alivyozifahamu kidogo sheria za Ulaya kuhusu faragha. Akaamua kuandika kazi yake ya muhula juu ya jambo hilo. Kisha, mwaka 2011, akafanya kile ambacho sheria ya Ulaya ya mwaka 1995 ilimruhusu kila mtu kukifanya, lakini karibu hakuna aliyekifanya: aliiandikia kampuni aone yote iliyoyahifadhi juu yake.

Alijibiwa kwa CD moja. Ndani yake mlikuwa na kurasa zaidi ya 1,200, nazo zilimhusu kijana wa miaka 23 aliyeutumia mtandao huo kwa muda wa miaka michache tu. Humo alikuta hata ujumbe alioufuta zamani. Kampuni ilikuwa imemwondolea ujumbe huo machoni pake, lakini haikuwa imeuondoa katika ghala yake. Tunawaomba msimame kidogo hapa, kwa maana wengi wetu tunaamini kwamba neno tulilolifuta limekwisha.

Schrems hakupiga kelele barabarani. Aliandika malalamiko, moja baada ya jingine, hata yakafika 22, akayapeleka Ireland. Kwa nini Ireland? Kwa sababu Facebook, kama kampuni nyingine nyingi za Marekani, ilikuwa imeweka tawi lake la kimataifa Dublin, katika nchi ambayo kodi ya makampuni ni ndogo. Ofisi ya serikali iliyopaswa kuichunga kampuni hiyo kubwa ilikuwa katika mji mdogo wa Portarlington, jirani na duka la vyakula. Waandishi wa habari wa Ulaya walilicheka sana duka hilo. Sisi hatuoni aibu katika udogo wa jengo. Ofisi nyingi nzuri tunazozijua ni ndogo kuliko hiyo. Aibu ilikuwa katika jibu ambalo ofisi ilimpa baadaye.

Mwezi wa Juni 2013 Edward Snowden, aliyekuwa akiifanyia kazi idara ya upelelezi ya Marekani, alitoa hati zilizoonyesha kwamba idara hiyo ilikuwa ikipata habari za watu kutoka kwa kampuni kubwa za intaneti. Schrems akaandika lalamiko jipya: ikiwa habari zangu zinapelekwa Marekani na huko zinasomwa na wapelelezi, ziache kupelekwa. Ofisi ya Ireland ilikataa kulichunguza, ikisema kwamba halina msingi. Akaenda mahakamani. Mahakama Kuu ya Ireland ikaliuliza swali hilo kwa Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya huko Luxembourg, na tarehe 6 Oktoba 2015 jibu likatoka. Mapatano ya mwaka 2000, ambayo yaliziruhusu kampuni zaidi ya 4,000 kuvusha habari za watu wa Ulaya kwenda Marekani, yalitanguliwa. Serikali zikatunga mapatano mengine. Tarehe 16 Julai 2020 mahakama hiyo ikayatangua nayo. Mwezi wa Mei 2023 ofisi ileile ya Ireland iliitoza Meta, jina jipya la kampuni ya Facebook, faini ya euro miliari 1.2. Kutoka ile CD hadi faini hiyo ilipita miaka kumi na miwili.

Sasa mtauliza: sisi wa Kongo tuko wapi katika habari hii ya Wazungu? Tulikuwamo, bila kujua. Masharti ya Facebook yalisema kwamba kila mtumiaji asiyekaa Marekani wala Kanada amefanya mkataba na tawi la Dublin. Basi kijana wa Bukavu au wa Kolwezi aliyefungua ukurasa wake mwaka 2012 alikuwa, mbele ya sheria, katika mkataba mmoja na Schrems. Mwezi wa Aprili 2018 mambo yaligeuka. Sheria mpya na kali ya Ulaya ilikuwa ianze tarehe 25 Mei, nayo inaruhusu faini ya hadi asilimia 4 ya mapato ya kampuni duniani kote. Kabla haijaanza, Facebook ilithibitisha kwamba watumiaji zaidi ya miliari moja na nusu wa Afrika, Asia, Australia na Amerika ya Kusini wanahamishwa kutoka mkataba wa Dublin kwenda mkataba wa Marekani. Ilisema kwamba ulinzi wa faragha utabaki uleule kwa wote. Huenda. Lakini mlango wa mahakama ulihamishwa, na hatukumbuki kumsikia mtu yeyote katika jimbo letu akilizungumzia siku hiyo. Haki ambayo hatukujua kama tunayo iliondoka bila kilio.

Mtu anaweza kusema: asiyependa masharti na aondoke. Neno hilo lingekuwa sawa kama kungekuwa na mahali pa kwenda. Kwaya yenu inapanga mazoezi kwa WhatsApp, habari za msiba zinafika kwa WhatsApp, na hata mega mnazonunua mara nyingine ni za WhatsApp peke yake. Anayeondoka haiachi kampuni tu. Anawaacha watu wake. Hiyo ndiyo nguvu ya soko, nayo ilinunuliwa kwa fedha. Mwezi wa Februari 2014 Facebook ilitangaza kuinunua WhatsApp kwa dola miliari 19, ilhali ilikuwa na wafanyakazi wapatao 55 tu. Mwanzilishi wake, Jan Koum, aliyezaliwa Ukraine wakati wa utawala wa Kisovieti, aliandika wakati huo kwamba mama yake aliogopa kusema mambo fulani kwa simu, na kwamba kwa sababu hiyo faragha haitaguswa. Kampuni nayo iliwaambia wakaguzi wa Umoja wa Ulaya kwamba haiwezi kuunganisha kwa uhakika akaunti za pande hizo mbili. Mwezi wa Agosti 2016 ikatangaza kwamba itaanza kuziunganisha. Wakaguzi walichunguza, wakakuta kwamba uwezo huo ulikuwa unajulikana tangu 2014, na tarehe 18 Mei 2017 wakaitoza euro milioni 110. Ununuzi wenyewe haukutanguliwa. Linganisheni milioni 110 na miliari 19, mtaona kwa nini wengine waliiona faini hiyo kama nauli tu. Koum aliiacha kampuni mwaka 2018.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 wengi wenu mlipata tangazo la masharti mapya ya WhatsApp, mkabonyeza kukubali ili kazi iendelee. Sisi pia tulibonyeza. Huko Nigeria, tume ya serikali inayolinda ushindani na walaji ilianza uchunguzi. Ilichukua muda wa miezi 38. Mwezi wa Julai 2024 ikatoa hukumu: Meta imeutumia vibaya ukubwa wake sokoni kwa kuchukua habari za Wanigeria bila idhini ya kweli, tena imewatendea tofauti na watu wa nchi nyingine. Faini ilikuwa dola milioni 220. Kampuni ilikata rufaa, na mwezi wa Aprili 2025 baraza la rufaa likaithibitisha hukumu. Si kila mahali mambo yalikwenda hivyo. Mwezi wa Novemba 2025, huko Washington, hakimu aliikatalia serikali ya Marekani iliyotaka Meta itenganishwe na Instagram na WhatsApp. Alisema haikuthibitishwa kwamba leo kampuni hiyo inatawala soko peke yake.

Kwetu, kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2006 kinampa kila mtu haki ya faragha na ya siri ya mawasiliano yake. Sheria ya mambo ya kidijitali, iliyotolewa tarehe 13 Machi 2023, inampa raia haki ya kuuliza ni habari gani zinazohifadhiwa juu yake na kutaka zisahihishwe. Kama ile ya Ulaya ya mwaka 1995, ni sheria inayomngoja mwombaji.

Na kwa wale wenye WhatsApp, tangu mwaka 2018 kuna sehemu katika mipangilio ya akaunti ambapo mtu anaweza kuomba taarifa juu ya akaunti yake. Haihitaji mwanasheria wala nauli ya kwenda Kinshasa. Inafika baada ya siku tatu hivi. Ujumbe wenyewe haumo; mna jina, picha, aina ya simu, namba za watu mnaowasiliana nao, na makundi yote mliyomo, pamoja na lile la kwaya.