Makerere 1962: Nani Aliingia, Nani Alibaki Nje

Tukipanga mikutano ya waandishi siku hizi, tunahangaika na ratiba na wageni rasmi. Hebu turudi kidogo Kampala, Juni 1962.

Mwezi huo waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza walikutana Makerere. Walikuwepo Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo na Ezekiel Mphahlele. Kutoka Marekani alikuja Langston Hughes. Swali kubwa lilikuwa: fasihi ya Kiafrika ni ipi hasa? Walibishana weee, na Achebe mwenyewe aliandika baadaye kwamba hawakupata jibu la kuridhisha.

Sasa mbona mkutano uliokosa jibu unakumbukwa mpaka leo? Sababu moja ni jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Mwanafunzi wa Makerere, wakati huo akiitwa James Ngugi, alikuja na mswada wa riwaya na hamu ya kumwonyesha Achebe. Achebe alisoma kurasa kadhaa, akampa maoni, na njia ya kwenda Heinemann ikafunguka. Mwaka 1964 riwaya ikatoka: *Weep Not, Child*. Wazee wa kazi na chipukizi walikaa pamoja siku kadhaa, wakapata nafasi ya kuongea. Basi.

Lakini mkutano huanza mlangoni, kabla ya mtu kuketi. Ngũgĩ aliingia kwa sababu alikuwa amechapisha hadithi fupi mbili kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyekuwa na vitabu kadhaa vya mashairi na nathari kwa Kiswahili, jina la mkutano lenyewe lilimfungia nje. Tanganyika ni jirani tu wa Uganda. Mwezi huohuo wa Juni, Shaaban akafariki. Chipukizi yule alipata msomaji wa mswada wake. Wenzake walioandika kwa Kiswahili, Kigikuyu au Kiyoruba hawakupata hata kiti.

Mwaka 1963 Obi Wali alilipinga jambo hili katika jarida la *Transition*, lililotoka Kampala hapohapo. Miaka mingi baadaye Ngũgĩ naye aliuliza swali lilelile, na akarudi kuandika kwa Kigikuyu.

Kwa hiyo, mpangaji, acha muda wa watu kuzungumza, ndiyo. Ila kabla ya kuchapa mialiko, soma jina la mkutano wako tena: linamfukuza nani?