Umuganura: sikukuu iliyofungwa mwaka 1925

Mwaka 1925 Wabelgiji walimtoa Gashamura nchini Rwanda wakampeleka uhamishoni Burundi. Kosa lake lilikuwa mtama na ulezi. Alikuwa mkubwa wa abiru, watunza siri na taratibu za ufalme, na ukoo wake wa Bumbogo ndio uliokuwa na dhamana ya nafaka za Umuganura, sikukuu ya malimbuko. Jina la Bumbogo bado lipo, ni kata ya wilaya ya Gasabo jijini Kigali, na wengi wanaokwenda kutafuta viwanja huko hawajui kwamba jina hilo lina habari kubwa kiasi hicho.

Desturi ilikuwa hivi: mavuno mapya hayaliwi mpaka mfalme aonje. Nafaka zikifika ikulu, abiru walifuata hatua zao moja baada ya nyingine, ngoma zikalia, mfalme akaonja. Hapo ndipo ruhusa ilipowafikia wakuu, kisha kila mji, na baba mwenye nyumba naye akakaa na watoto na wajukuu wakala na kunywa. Hatua hizo zilihifadhiwa kichwani vizazi kwa vizazi. Zilipochapishwa kitabuni mwaka 1964 ufalme wenyewe ulikuwa umeshaondoka.

Sasa fikiria utawala wa kigeni unaotazama jambo hilo. Kama chakula cha nchi nzima kinasubiri mdomo wa mfalme Yuhi Musinga, basi mtawala ni Musinga, si afisa wa Kibelgiji mwenye karatasi ya Shirika la Mataifa. Wamisionari nao waliona upagani. Umuganura wa ikulu ukapigwa marufuku mwaka huohuo wa 1925, na mwaka 1931 Musinga mwenyewe akavuliwa ufalme. Haikuwa mara ya kwanza sikukuu hii kuzimwa: masimulizi ya kifalme yanasema ilikatika miaka kumi na mmoja baada ya kuuawa kwa Ndahiro Cyamatare, hadi mwanawe Ruganzu Ndoli alipoirudisha.

Safari hii haikurudi upesi. Uhuru ulipopatikana Julai 1, 1962, Rwanda ilikuwa tayari jamhuri, na jamhuri iliyomwondoa mfalme haikuwa na haja ya karamu yake. Umuganura ukabaki majumbani.

Wachina wanalijua jambo hili la serikali kuizima sikukuu. Jamhuri yao ilipozaliwa mwaka 1912 ilichukua kalenda ya Ulaya, na mwishoni mwa miaka ya 1920 serikali ikajaribu kuufuta kabisa mwaka mpya wa mwezi mwandamo. Watu wakaendelea kuusherehekea. Mwaka 1967, chini ya Wakomunisti, katika vurugu za Mapinduzi ya Utamaduni, likizo yake ilifutwa tena, na ikarudi baadaye. Mwaka 2008 serikali ileile ya kikomunisti ilizipa mapumziko ya kitaifa siku ya kufagia makaburi, sikukuu ya mashua za joka na ile ya katikati ya vuli. Aliyefunga mlango ndiye aliyeufungua.

Rwanda ilifanya hivyo mwaka 2011: Umuganura ukawa sikukuu ya taifa, Ijumaa ya kwanza ya Agosti. Umeingia katika kalenda pamoja na Krismasi, Idi ambazo mtaa wa Nyamirambo jijini Kigali huzisherehekea kwa nguvu, na Julai 4, siku ya ukombozi. Siku hiyo majirani huleta walichonacho: viazi vitamu, maharage, mahindi, ugali wa mtama. Ikigage, pombe ya mtama, hunywewa pamoja, na watoto hupewa maziwa mbele ya watu wote. Kisha viongozi husimama kuhutubia, nao hawaishii kwenye mazao. Barabara, shule na umeme navyo huhesabiwa kuwa mavuno. Hotuba zikirefuka, hamu ya ikigage hupoa.

Mimi naona kuna kitu Wachina walikilinda na sisi tukakiacha. Sikukuu yao ya katikati ya vuli ingali inafuata mwezi, hata ikiangukia katikati ya wiki na kuwasumbua wenye viwanda. Umuganura wa zamani ulifuata shamba: nafaka ikikomaa, ndipo siku ilipopatikana. Leo shamba ndilo linaloisubiri Ijumaa. Kwa mfanyakazi wa ofisini Kigali hiyo ni wikiendi ndefu na nafasi ya kwenda kijijini, jambo jema. Lakini mkulima aliyevuna mapema amekwishakula mtama wake, na tarehe haikumuuliza.

Walioionja sikukuu hii majumbani kabla ya mwaka 1962 sasa ni wazee wa zaidi ya miaka sitini. Ukiwa na babu au bibi wa umri huo, usingoje Agosti: mwulize nani alionja kwanza nyumbani kwao, chakula gani kiliwekwa mezani, mzee wa mji alitamka nini, kisha uandike.